Saa Nane na Dakika Kumi Kule Anchorage

Jirani wa Ketill Högnason alikuwa na mazoea ya kumpelekea samaki kila Alhamisi. Alhamisi ile, tarehe 14 Februari 1985, saa saba kamili mchana, aliusukuma mlango kwa kiwiko kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika sahani. Ketill alikuwa amelala chini ya dirisha la chumba chake cha kazi, kichwa kikiwa karibu na chuma cha kupashia nyumba joto, na damu ilikuwa imeshaganda kwenye zulia. Jirani aliiweka sahani juu ya ramani iliyotandazwa mezani, akapiga simu polisi, kisha akakaa kwenye ngazi ya nje, kwenye theluji. Hakutaka kukaa ndani naye, wala hakutaka kumwacha peke yake.

Steinvör alifika saa saba na dakika ishirini. Alikuwa amefanya kazi ya upelelezi kwa miaka kumi na tisa, mwanamke mfupi mwenye tabia mbili: kuandika kila saa anayotajiwa, na kununa akiambiwa kwamba jambo ni rahisi. Daktari alimwambia ni rahisi. Mzee amesukumwa, ameanguka, kisogo kimegonga kona ya chuma. Hakufa papo hapo. Huenda alikaa nusu saa. Alisukumwa kati ya saa tano asubuhi na saa sita na nusu mchana. Droo ya kabati ilikuwa wazi, na jalada moja lilikuwa tupu. Juu ya jalada Ketill alikuwa ameandika kwa mkono wake: Anchorage–Keflavík, Januari 1984.

Hapo Reykjavík nzima isingehitaji kuelezwa. Ketill alikuwa mpanga safari wa kampuni ndogo ya ndege za mizigo iliyosafirisha kaa wa Alaska kwenda Ulaya. Yeye hakurusha ndege. Kazi yake ilikuwa kukaa mezani na kumwandikia rubani umbali, upepo, muda wa kuruka na mafuta ya kubeba. Kutoka Anchorage hadi Keflavík ni kilomita elfu tano na mia nne na ushee, ukipita juu karibu na kichwa cha dunia, na kwa siku ya kawaida ni mwendo wa saa sita na dakika arobaini. Januari ya mwaka uliotangulia, ndege moja iliishiwa mafuta na kuanguka baharini ikiwa imebakiza dakika ishirini na tano kutua. Rubani wake aliitwa Eyvindur. Wachunguzi walisema karatasi ya safari iliandikwa muda wa saa sita na nusu, katika siku ambayo upepo ulikuwa unawapiga usoni, na chini ya karatasi ilikuwapo sahihi ya Ketill. Ketill hakubisha. Aliacha kazi, akajifungia nyumbani na ramani zake.

Mke wa Eyvindur, Hrefna, hakumsamehe, na hakuficha. Aliandika gazetini kwamba mtu aliyeshindwa kujumlisha amewaacha watoto wake wawili bila baba. Sasa jirani wa Ketill alisema kwamba saa nne na nusu asubuhi ile alimwona Hrefna mlangoni kwa Ketill, akipayuka.

Siku hizo Iceland haikuwa na matangazo ya televisheni siku ya Alhamisi, kwa hiyo habari ilienea kwa simu. Kufikia saa mbili usiku hapakuwa na nyumba ambayo haikuwa imeshamhukumu Hrefna. Alipoulizwa, alikubali kwamba alikwenda. Alisema alisimama mlangoni dakika tatu, akaondoka, akatembea ufukweni mpaka saa saba. Nani alimwona? Hakuna. Ketill alimwambia nini? Hapo Hrefna alinyamaza, na hakuna aliyeweza kumtoa neno. Mkuu wa Steinvör alimweka mahabusu. Jumatatu saa nne asubuhi jaji angeamua kama akae wiki tatu zaidi, na kama angeamua hivyo, watoto wangepelekwa kwa bibi yao kaskazini.

"Ni rahisi," mkuu alimwambia Steinvör, na yeye akanuna.

Kilichomkera kilikuwa lile jalada. Hrefna angeiba karatasi za nini? Aliwauliza watu wa simu za nje, wakamwambia kwamba Jumatano saa mbili usiku Ketill aliunganishwa na hoteli moja ya Anchorage, akaongea dakika tisa na Hallur, meneja wa kampuni ile ya mizigo, aliyekuwa huko kwa wiki nzima. Steinvör akaipelekea hoteli ujumbe wa teleksi usiku ule wa Alhamisi, na jibu lilikuwa mezani kwake Ijumaa asubuhi. Hallur amerudisha ufunguo. Katika kitabu cha wageni, mbele ya jina lake, imeandikwa Alhamisi tarehe 14, 02:10.

Steinvör ana dada anayeishi Minneapolis, na amewahi kutukanwa kwa kumpigia simu saa kumi usiku akidhani ni asubuhi. Tangu hapo hasahau kubadili saa. Anchorage iko nyuma ya Iceland kwa saa tisa. Saa nane na dakika kumi usiku kule ni saa tano na dakika kumi asubuhi huku, yaani Ketill anasukumwa Reykjavík wakati Hallur anarudisha ufunguo upande mwingine wa dunia. Alipiga mstari chini ya hesabu hiyo, akajipongeza kidogo.

Hata hivyo alimwendea Hallur ofisini kwake, saa nne asubuhi. Alikuwa mwanaume mrefu wa miaka hamsini na ushee, macho mekundu, shati la jana. Alisema amelala vibaya. Alimkaribisha kahawa na maandazi yaliyosokotwa ambayo yeye mwenyewe hakuyagusa. Kuhusu simu alisema Ketill alitaka kuzungumzia mambo ya zamani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama mzee aliteseka.

"Nusu saa, huenda," Steinvör alisema. "Nakuja kwako kwa ajili ya kukamilisha tu. Kitabu cha hoteli kinaonyesha uliondoka Alhamisi saa nane na dakika kumi usiku. Nimeongeza saa tisa. Hapa kwetu ilikuwa saa tano na dakika kumi asubuhi."

Hallur alivuta nyuma mkono wa shati. Aliitazama saa yake ya mkononi kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo wakati ule nilikuwa Anchorage," akasema.

"Ndivyo nilivyohesabu. Na ndege yenu ya pili iliondoka kule saa tisa usiku, ikatua Keflavík jana saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Ulikuja na hiyo?"

"Inalingana na hesabu yako."

"Mbona unaitazama sana saa hiyo? Imeharibika?"

"Hii? Haijakosea tangu niinunue. Imekwenda nami Alaska, imekwenda Tokyo, na sijawahi kuigeuza hata dakika moja. Sisi wa ndege tuna saa moja tu, bibi. Hayo mengine ni mambo ya jua."

Steinvör aliandika yote hayo, akamshukuru kwa kahawa. Askari mwingine alikuwa ameshaipata orodha ya wafanyakazi wa ndege zote mbili, na jina la Hallur halikuwamo katika yoyote, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Meneja si mfanyakazi wa ndege.

Jumamosi ilipita hivihivi. Mkuu alitaka ripoti. Jumapili saa tisa alasiri Steinvör alikwenda mahabusu na mfuko wa samaki mkavu na siagi, maana aliona vibaya kwenda mikono mitupu. Hrefna alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mwembamba, mwenye sauti iliyozoea kuita majina uwanjani. Aliuliza watoto wamekula nini. Steinvör alimwambia ni uji wa maziwa na soseji ya damu, kule wanakokaa kwa mwalimu mwenzake. Hrefna alicheka kidogo, akasema mdogo hali soseji hiyo, huificha mfukoni.

Wakaongea mambo ya kawaida, na bila kulazimishwa Hrefna akaanza kumwongelea mumewe.

"Nilikuwa namcheka Eyvindur," alisema. "Akiwa Anchorage ananipigia simu, anasema 'Lala mpenzi, ni saa nane usiku.' Namwambia, saa nane usiku ni huku kwangu, wewe uko wapi? Nyuma yake nasikia vijiko na sahani, watu ndio kwanza wanakaa kula cha jioni. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akigeuza saa. Wanakwenda mwisho wa dunia na saa ya jikoni kwao."

Steinvör aliacha kutafuna.

"Wote?"

"Kampuni nzima. Hata hotelini walikuwa wanaandika hivyo. Eyvindur alisema wahudumu wamechoka kuwasahihisha."

Kisa chenyewe kinahitaji maelezo mafupi, ingawa sisi tunaosema saa mbili wakati mshale uko kwenye nane tutakielewa haraka kuliko wengi. Marubani wa dunia nzima huandika karatasi zao kwa saa moja, ile ya London ya majira ya baridi, popote walipo. Mjerumani huibadili kichwani, Mjapani huibadili kichwani. Nchi ya Iceland iliamua tangu mwaka 1968 kuitumia saa hiyohiyo ukutani, kiangazi na baridi. Mtu wa ndege wa Iceland anaweza kustaafu bila kujua kwamba kuna saa za aina mbili. Na Steinvör, kwa ujanja wa kuongeza saa tisa, alikuwa ameibadili saa ambayo haikuhitaji kubadilishwa.

Saa kumi jioni aliipigia simu hoteli. Kule ilikuwa saa moja asubuhi, na mhudumu alikuwa anafungua mapazia. Steinvör hakumuuliza tena kuhusu Hallur. Alimwomba amsomee mstari ulio juu ya jina lake, na ulio chini yake.

Mhudumu akasoma. Juu: Jumatano tarehe 13, saa kumi na nusu jioni, bwana mmoja wa Seattle. Chini: Jumatano tarehe 13, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, mume na mke wa Fairbanks. Katikati yao, Alhamisi tarehe 14, 02:10.

"Na hukuona ajabu?" Steinvör aliuliza.

"Bibi, ni watu wa Iceland," mhudumu alisema. "Hao huandika hivyo siku zote. Mliuliza kilichoandikwa, nami nikawapa kilichoandikwa."

Kwa hiyo Hallur alirudisha ufunguo saa kumi na moja na dakika kumi jioni ya Jumatano, kwa saa za kule. Ndege ya kwanza ya kampuni iliondoka Anchorage saa kumi na mbili na nusu jioni hiyo. Steinvör aliongeza saa tisa, safari hii mahali pake, na mwendo wa saa sita na dakika arobaini. Ndege ilitua Keflavík Alhamisi saa nne na dakika kumi asubuhi. Kutoka pale hadi Reykjavík ni dakika arobaini na tano kwa gari. Alijisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto, kwa sababu siku tatu za Hrefna mahabusu zilikuwa juu ya mstari alioupiga yeye mwenyewe.

Rubani wa ndege hiyo, Torfi, alikutwa saa kumi na mbili jioni mahali ambapo mwanaume wa Reykjavík hukutwa Jumapili: ndani ya kidimbwi cha maji moto, theluji ikimwangukia kichwani. Upepo ulikuwa mkali mno kwa mtu kusimama nje na koti na kuhoji. Steinvör alikodi vazi la kuogelea, akaingia, wakakaa na maji shingoni kama viazi kwenye sufuria.

"Nani alikuwa kwenye ndege yako Alhamisi?"

"Nimeshatoa orodha."

"Orodha ninayo. Nauliza nani alikalia kile kiti cha kukunja, nyuma yenu."

Torfi alifuta theluji kwenye nyusi.

"Hallur," alisema. "Alikuja mbio dakika za mwisho. Tulipotua akachukua gari la kampuni, akaondoka hata bila kuaga."

"Na hukumwambia mtu?"

"Askari wako alitaka majina ya waliokuwa wanafanya kazi. Hallur hakufanya kazi yoyote, alikaa macho njia nzima anaangalia barafu. Mchana uleule nikaenda Luxembourg, nimerudi jana, naambiwa mmeshampata mtu wenu. Sasa mimi nianze kusema nini?"

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomkasirisha Steinvör zaidi. Alimwambia avae nguo, aje kituoni atie sahihi.

Jumatatu saa mbili asubuhi, muda wa saa mbili kabla ya Hrefna kupelekwa kwa jaji, Steinvör alifika ofisini kwa Hallur na askari mmoja. Hallur alikuwa amekaa bila kuwasha taa. Hakuuliza wamefuata nini.

"Nilikosea hesabu," Steinvör alisema. "Sikutakiwa kuongeza kitu. Ulichoandika hotelini ni saa yako ya mkononi. Umeandika ukweli mtupu, Hallur, mimi ndiye niliyeugeuza."

"Najua," alisema. "Ijumaa ulipoingia hapa nilikuwa nimeshajiandaa kusema. Nilikuwa na maneno mdomoni. Ukafungua daftari, ukaniambia mimi nilikuwa Anchorage. Nikaitazama saa, nikaelewa ulichofanya. Nikasema moyoni, basi, acha niwe Anchorage."

"Na Hrefna?"

Hallur aliinamisha kichwa. Alisema kila siku alijiambia kwamba atakuja kituoni kesho yake.

Alimweleza yaliyobaki bila kusukumwa. Ketill alikuwa na mazoea ya kutia sahihi fomu tupu asubuhi, rundo zima, ili mchapaji asimsubiri. Siku ile ya Januari aliandika kwa mkono muda wa saa saba na dakika kumi, kwa sababu ya upepo. Mafuta ya muda huo, kwa uzito wake, yangeacha tani kadhaa za kaa kwenye lami ya Anchorage. Hallur alikaa kwenye mashine mwenyewe, akachapa saa sita na nusu juu ya fomu yenye sahihi, akaipeleka kwa Eyvindur kwa teleksi ya picha. Karatasi ya mkono aliitupa. Ndege ilipoanguka, Ketill aliambiwa amekosea, na watu wote wakikwambia umekosea, hata wewe huanza kulikumbuka kosa hilo. Mwaka mzima mzee aliamini. Kisha Jumatano, akipanga ramani, alikuta nakala ya kaboni ya maandishi yake imeng'ang'ania nyuma ya ramani moja.

"Alinipigia kunifurahisha," Hallur alisema. "Fikiria. Hakujua ni mimi. Alisema, 'Hallur, sikumuua Eyvindur, hesabu yangu ilikuwa sawa, kuna mtu aliibadili, njoo tumtafute.' Nikarudi na ndege ya kwanza. Nilitaka kumwomba anyamaze. Nilipoitaka ile karatasi, akaniangalia, na hapo ndipo alipojua. Akaishika kwa mikono miwili. Nikaivuta, nikamsukuma."

"Alikuwa hai ulipoondoka."

"Alikuwa anapumua, ndiyo. Nilimsikia."

Alifungua droo, akatoa karatasi nyembamba ya buluu iliyokunjwa mara nne. Steinvör alimuuliza kwa nini hakuichoma. Hallur alisema kwamba alijaribu mara mbili, na mara zote mbili alijikuta anaikagua hesabu, na kila alipoikagua ilikuwa sahihi.

Saa tatu na nusu Steinvör alimtoa Hrefna mahabusu. Hakumpeleka moja kwa moja nje. Alimkalisha, akaiweka karatasi ya buluu mezani ndani ya mfuko wake wa ushahidi, akamwonyesha kwa kidole: umbali, upepo, muda wa saa saba na dakika kumi. Dakika arobaini zaidi ya zile alizopewa Eyvindur. Ndege ilianguka ikibakiza ishirini na tano.

Hrefna aliisoma kwa utaratibu, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi. Steinvör alimwomba radhi kwa siku zile nne, na hakutafuta kisingizio. Hrefna aliurudisha ule mfuko kwake mezani.

"Uliniuliza alichoniambia mlangoni," alisema mwishowe. "Aliniita kwa simu alfajiri, nikaenda ili nimtukane uso kwa uso. Alifungua, akasema, 'Ingia, Hrefna, nina karatasi nataka wewe uwe wa kwanza kuiona.' Nikamwambia aifungie jiwe, aende nayo baharini kwa Eyvindur. Nikasema hivyo kwa sauti, mpaka jirani akasikia."

"Hukujua."

"Alikuwa amevaa tai, Steinvör. Saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mzee amevaa tai kwa ajili yangu. Niliiona, na nikaendelea kusema."

Steinvör akakaa tu pale pamoja naye. Huko nje gari lililokuwa limpeleke Hrefna kwa jaji lilizimwa injini. Baada ya muda Hrefna alifunga vifungo vya koti lake, akauliza Ketill anazikwa lini na ana jamaa gani. Steinvör alimwambia ni Ijumaa, na jamaa hana. Hrefna akauliza mazishi ni saa ngapi, akasema atakuja na watoto.